Kazi Yangu ya Kutafuta Mwezi Beni

Siku yangu ya kwanza kazini niliwaonyesha watu wazima wawili moshi. Tulikuwa juu ya kilima nyuma ya mji wa Beni, jua limetoka kuzama juu ya msitu, nami nikaona kitu cheupe kilichopinda, chembamba kama ukucha. Nikapiga kelele. Mzee Ramazani na Mzee Shabani, mashahidi wa msikiti, wakaweka viganja juu ya macho, wakatazama kwa muda mrefu. Kisha Mzee Ramazani akaniambia polepole, "Mutoto yangu, mwezi hapana kutawanyika. Ile ni mutu anachoma makala." Makala kwetu ni makaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mwezi mwandamo. Vijana wa leo huambiwa na simu, kwa hiyo nieleze. Mwezi wa kufunga wa Waislamu una siku ishirini na tisa au thelathini, na hakuna ajuaye mapema. Jioni ya ishirini na tisa watu hupanda mahali pa juu na kutazama magharibi. Hilali, yaani mwezi mchanga, ikionekana, kesho ni sikukuu. Isipoonekana, wanafunga siku moja zaidi. Huonekana kwa kitambo kidogo tu, kisha hulifuata jua.

Mimi ni Mkatoliki, mwana wa wakulima wa Lubero. Shule niliiacha darasa la tano, baada ya mwalimu kuchoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka naye. Nikazurura hadi nikawa kigingi kwenye lori la Hadji mmoja wa Beni. Kigingi ndiye anayeweka gogo chini ya tairi lori likisimama mlimani. Safari ikiendelea hulala juu ya magunia. Huko juu nilikuwa nikitazama nyota na kumpigia kelele dereva wetu, Musa, nikimuuliza kwa nini zinatufuata. Musa alimlalamikia Hadji. Hadji akasema mtu wa namna hiyo anafaa msikitini, hata kama anakwenda misa, akanipeleka kwa wazee watafutao mwezi.

Ushahidi wangu haukuhesabiwa, kwa kuwa shahidi lazima awe Mwislamu. Nilikuwa kama mbwa wa mwindaji: nanusa, nasimama, na wenye nyama ni wengine. Nilijifunza kuchomeka mti wenye panda pale jua linapozamia, na kupima kwa ngumi mkono ukiwa umenyooka. Nilijifunza kwamba kwetu, karibu na ikweta, hilali hulala chali kama bakuli. Na nilijifunza kuwakataa wadanganyifu: Zuhura, nyota ya jioni, inayotokea mapema kwa majivuno, risasi zing'aazo za askari, zinazopanda kwa mstari, na radi za Ruwenzori zisizo na sauti, ambazo hukuita nyuma ya mgongo wakati ule ule unapotakiwa kutazama mbele.

Vita vilipotuhamisha, kazi ilihama nasi. Mbau hapakuwa na mbingu. Miti ilituachia ukanda wenye upana wa barabara, na chef de poste, mkuu wa kituo cha pale, alitaka kujua tunampa nani ishara. Butembo vilima vilitosha, na baadhi ya usiku kusini paliwaka wekundu hafifu ambao wengine waliita volkano na wengine dhambi. Mutwanga, juu karibu na walinzi wa mbuga, ndipo palikuwa bora. Huko nilikutana na mwanajeshi mmoja mgeni, mwangalizi wa amani, aliyetoka nchi ya theluji. Alinieleza kwamba kwao usiku mbingu hutundika mapazia ya kijani yanayocheza bila upepo. Nilimuuliza nani huthibitisha kwamba yameonekana. Akasema hakuna, kila mtu hujionea mwenyewe. Nikamuuliza sasa huwa wanagombana juu ya nini.

Tuliporudi Beni tulimkuta Komanda wa place, ndivyo tulivyomwita mkuu wa askari wa mji. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuamsha kuku. Alichukua malori ya watu kupeleka askari vitani upande wa Kamango. Lakini alikuwa ametoa neno mbele ya padri na sheikh: siku ya sikukuu, iwe Noeli, Pasaka au Idi, lori la mtu haliguswi.

Mwaka ule, jioni ya ishirini na tisa, zamu ilikuwa ya lori letu. Lingeondoka alfajiri, Musa akiendesha. Malori mawili yaliyotangulia hayakurudi, wala madereva wake. Kama mwezi ungeonekana, Musa angepata siku moja, na siku moja ilitosha kufika Kasindi na kuvuka mpaka wa Uganda. Mji mzima ulijua. Mama wawili walinisimamisha njiani kunikumbusha nifungue macho vizuri. Lakini Mzee Ramazani alikwisha kumwambia Musa kwamba anampenda kama mwanawe, ila mwezi si mali yake.

Komanda naye alijua. Tulipofika kilimani tulimkuta ameketi juu ya jiwe, darubini shingoni, askari mmoja kando yake.

"Miye nabajua," alisema. "Leo mutaona myezi tatu."

Jua likazama. Wingu likakaa juu ya msitu. Nikachomeka mti wangu, nikanyoosha ngumi. Komanda akauliza ngumi ni ya nini. Nikamweleza. Akanyoosha ya kwake, akalalamika kwamba ni kubwa kuliko yangu, kwa hiyo mbingu yake itakuwa fupi. Akauliza kwa nini bakuli, kwa nini si upinde. Akauliza kwa nini unalifuata jua na si kinyume chake. Sikuwahi kuulizwa maswali mazuri hivyo na mtu mwenye bunduki. Nikamshauri aegemeze kiwiko kwenye panda ya mti ili darubini isitetemeke. Akaegemeza.

Kisha akaruka. "Tala! Sanza!" Kwa furaha alikuwa amehamia Kilingala: tazama, mwezi.

Mzee Shabani alitazama, akasema haoni. Mzee Ramazani vilevile.

"Juu ya nini hamuoni, sababu gani? Ile pale!"

"Komanda," alisema Mzee Ramazani, "macho yako ni mazuri, lakini hapana ya musikiti."

"Donc, kumbe miye muongo?"

Alimshika mzee mabegani, akamsimamisha palipo sawa, akakunja magoti yake makubwa hadi mashavu yao yakalingana, akanyoosha mkono. "Fwata kidole. Ule muti mukavu. Panda juu. Kidogo kuume." Mzee akasema bado. Komanda alianza kutoka jasho. "Fanya mbio, Tata," akamwita baba, "inaenda kulala."

Mzee Ramazani alikawia. Mimi nilikuwa nauona, nimeuma ulimi ili mwonyeshaji awe Komanda peke yake.

"Minaona," akasema hatimaye. Na Mzee Shabani nyuma yake: "Na miye."

Wakamshukuru Mungu. Komanda alitupa mkono sote, mmoja mmoja, kama mtu aliyeangusha nyati. Ndipo askari wake akasema kwa sauti ndogo, "Afande, na lori?"

Komanda alimtazama askari, akatazama magharibi, ambako hapakuwa tena na kitu.

"Pengine ilikuwa ndege," alisema.

"Komanda, ni weye ulituonyesha," Mzee Ramazani alimjibu. "Tukisema ndege, tutakufanya muongo."

Alipangusa darubini kwa shati. "Lori ilale," akasema. "Kesho kutwa naitaka."

Kesho kutwa lori lilikuwa Uganda. Komanda akaniita bureau, ofisini kwake, nami nikaagana na watu nyumbani. Alifunga mlango, akaniuliza mwezi mchanga ujao utaonekana lini.

Sasa nimestaafu, macho yangu yana ukungu, na Zuhura naiona mbili. Musa alirudi vita vilipotulia, pamoja na lori, na ana wajukuu Butembo. Vijana huniuliza nani alikuwa mtafuta mwezi bora niliyefanya naye kazi, wakitegemea nimtaje Mzee Ramazani. Huwajibu kwamba ni Komanda. Wazee walikuwa na sababu ya kuuona, hata mimi nilikuwa nayo. Yeye alikuwa na kila sababu ya kutouona, akauona, akatusumbua hadi tukauona.