Kiti cha Nyuma ya Shuka

Kwa kuwa mimi ni msomi, vijana hupenda kuniuliza maoni yangu juu ya sinema. Usomi wangu niliupata shule ya jioni, nyuma ya stesheni ya Morogoro, zama za Mdachi, yaani Mjerumani, kwa mwanga wa taa moja iliyovuta mbu wengi kuliko wanafunzi. Tulianza tukiwa umati wa kujaza behewa. Aliyehitimu ni mimi, na mwalimu naye akasema amejifunza mengi.

Maoni yangu basi ni haya. Sinema ya siku hizi inaongea mno. Zamani picha ilikuwa bubu na watazamaji ndio walioongea, na walikuwa na maneno mazuri zaidi. Kwa upande wa vitafunio, mimi ni mtu wa kashata ya njugu. Bisi sizitaki. Kwenye picha bubu, mtu mmoja akitafuna bisi mjini anasikika mpaka Kinole, na Kinole iko huko juu mlimani, mwendo wa kutoka jasho. Kashata ni kitu cha amani: ikishanata kwenye meno, mtu hawezi kubisha. Mdachi angegawa kashata barazani badala ya viboko, pengine angekuwepo hadi leo. Hiyo ndiyo siasa yangu, na sijaona chama chenye sera nzuri kuliko hiyo.

Ama watu mashuhuri, wa siku hizi mnawaona kwenye karatasi, wamechanwa nywele. Wa kwetu alitoka jasho mbele ya macho yako. Namsema mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa mwimbishaji wa ngoma ya kijiji chetu, Bigwa. Akikohoa Bigwa, milimani wanaitikia. Wanawake walishuka kutoka Kinole na vikapu vya machungwa, eti wanakwenda sokoni, na jioni machungwa yalipanda tena mlima yakiwa yale yale. Walikuwa wamemtazama mjomba akijifuta uso.

Mtu huyu alikuwa na kila kitu isipokuwa kiti. Jumbe wetu wa Bigwa, mkubwa wa kijiji, alikuwa amefariki, na jumbe ndiye aliyekaa barazani mbele ya boma kwenye kiti chenye mgongo, wakati sisi wengine tumechuchumaa juani. Mjomba alikuwa amesimama maisha yake yote, akicheza, na magoti yalikuwa yameanza kumsema. Akakitamani kile kiti kama mja mzito anavyotamani udongo.

Akida, yule mtu wa pwani aliyewekwa na serikali juu ya majumbe wetu, akatangaza kwamba Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, atamchagua jumbe mpya siku ya sikukuu ya Kaizari, mfalme wa Mdachi. Ngoma mbili zingecheza mbele yake: yetu, na ile ya hasimu wetu wa ng'ambo ya mto, mtu aliyecheza kana kwamba anakanyaga siafu. Atakayeonekana anajua kuiheshimu serikali, huyo ndiye.

"Kiti kile ni changu," mjomba akasema. "Kimebaki kuja tu."

"Kije, si kina miguu minne," mama mdogo akamjibu. Mama mdogo alikuwa dada yake wa mwisho, muuza kashata pale stesheni, na Morogoro nzima ndiye peke yake ambaye umashuhuri wa mjomba haukumtisha. "Wewe kaka, serikali umeijulia wapi? Wewe unajua kutikisa mabega."

Maneno yale yalimchoma. Na wiki ile ile picha ikaja.

Ililetwa na gari moshi, pamoja na mashine yake na Mzungu wa kuizungusha. Mhindi mwenye duka la nguo akatoa shuka la marekani, pamba nyeupe, likatundikwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa ghala. Mbele ya shuka wakapanga viti: vya Bwana Shauri na Wazungu wenziwe, vya Wahindi wenye maduka, na mwishoni kabisa cha akida, na kanzu yake iliyonyooka kuliko ukuta. Sisi tukaambiwa tukae upande wa pili, nyuma ya shuka, chini. Vibarua wakalimwagia shuka maji ili picha ipenye, na kweli ilipenya. Wala sikuona ubaya wa mpango ule. Mwanga ulikuwa wao, na kilichobaki kikatufikia sisi, kama ilivyokuwa kwa mambo mengine yote ya serikali.

Kwanza yalitokea maandishi. Uwanja mzima ukanigeukia mimi, msomi. Nikayakazia macho, nikakohoa.

"Herufi hizi," nikasema, "hatujazifikia."

Wakaniheshimu zaidi.

Kisha akatokea jenerali wa Ulaya, ana masharubu ya kutundikia nguo, amepanda farasi. Majeshi yakapita mbele yake. Jenerali akanyanyua mkono, akapiga saluti.

Mkono wa kushoto.

Majeshi yote yakamjibu kwa kushoto. Jenerali akashuka, akashikana mikono na mkubwa mwenziwe, kushoto kwa kushoto. Akaletewa glasi, akanywa. Kushoto.

"Astaghfirullah!" akasema mchukuzi mmoja wa stesheni. "Mkubwa mzima, na mkono wa chooni!"

"Labda ule mwingine unamuuma."

"Unawauma jeshi zima?"

"Hebu tulieni, mnanizibia," mjomba akasema. Yeye hakucheka. Aliutazama ule mkono kama alivyokuwa akitazama miguu ya hasimu wake, kwa wivu na kwa mahesabu.

Tukirudi Bigwa akaanza. "Mmeona? Mkono wa kulia wameuachia upanga, ni mkono wa kuua. Ile ya kulia ya askari wa boma ni ya watumishi; heshima ya wakubwa iko kushoto. Hiyo ndiyo mila ya serikali, na nimeigundua mimi."

"Wewe na watu wote wa uwanjani," mama mdogo akasema.

"Hao wameona. Hawakutazama."

"Si uwaulize waliokaa vitini?"

"Nimuulize akida? Ili kesho hasimu wangu awe anajua?"

Hapo mjomba alikuwa na haki, na vijana mnaotangaza kila kitu hamtaelewa. Ngoma ya mashindano ilikuwa na siri yake. Mtindo mpya haukuonyeshwa mpaka siku yenyewe, kwa sababu ukivuja mwenzio anaucheza kabla yako, na wewe unabaki kujiigiza mwenyewe. Kwa hiyo mjomba alitupandisha Kinole, kwenye migomba na ukungu, tukafanya mazoezi mbele ya mbuzi. Mimi nilikuwa mpiga ngoma. Nilipiga kwa kulia nikasaluti kwa kushoto, siku nenda siku rudi, mpaka nikawa nalitazama tonge la ugali nisijue nilipeleke wapi.

Msidhani hatukusita. Kwetu, ukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto umemtukana na wazazi wake. Mwenzetu mmoja akamwambia mjomba kwamba mkono unamkatalia. Mjomba akamjibu, "Mgeni anaheshimiwa kwa adabu yake, si kwa yetu." Mpaka leo nashikilia kwamba wilaya nzima, boma na bendera yake pamoja, hakuna aliyesema neno la kistaarabu kuliko hilo.

Siku ya sikukuu ikafika. Hasimu alitangulia, akakanyaga siafu wake, akapiga saluti ya kawaida. Tukaingia sisi. Sipendi kuongeza chumvi, lakini tulipoanza, vumbi lilifunika jua na milima ya Uluguru ikasogea kidogo kuja kutazama. Mwisho mjomba akasimama mbele ya Bwana Shauri, akagonga visigino, na sisi nyuma yake tuna bunduki za miti mabegani. Tukanyanyua mikono. Kushoto, wote, kama mtu mmoja.

Bwana Shauri akaanza kuwa mwekundu, shingoni kwenda juu, kama nyanya inayoiva huku unaitazama.

Akida akaruka. "Matusi! Bwana Mkubwa, washenzi hawa wanakutukana mbele ya bendera!"

Mjomba hakushusha mkono. "Bwana Akida, ndivyo tulivyoonyeshwa kwenye picha."

"Muongo! Nilikuwepo! Jenerali alisaluti kwa kulia!"

"Kushoto!" wakapiga kelele watu wa chini.

"Kulia!" wakajibu watu wa vitini.

"Kushoto, wallahi!"

Mji ukapasuka vipande viwili pale pale, na kila kipande kina macho mazima na kiko tayari kuapa. Nimeona chaguzi nyingi tangu wakati ule, na hakuna uliogawa watu vizuri namna ile.

Bwana Shauri alijua Kiswahili, kile cha kuamrisha. "Nyamaza!" Uwanja ukanyamaza. Akasema picha itaonyeshwa tena jioni hiyo hiyo, na yeye mwenyewe atakaa mahali alipokaa mtu huyu. Jenerali akisaluti kwa kulia, mjomba atalazwa chini apewe hamsa wa ishirini, viboko ishirini na vitano vya desturi, na sisi tutafuata kwa mstari. Akisaluti kwa kushoto, hakusema itakuwaje. Nadhani hakuona haja ya kufikiria upande huo.

Tukawekwa nyuma ya ghala, tunalindwa na askari Mnyamwezi aliyekuwa akikipaka kiboko mafuta. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, kuchambana ni ruhusa hata kwenye msiba, na ule wetu ulikuwa unaelekea kuwa msiba.

"Watani zangu," akasema, "leo nawachezesha ngoma ambayo hamkuifanyia mazoezi."

"Pole pole tu, mtani," nikamwambia. "Mkono wenyewe huo umezoea kubeba pembe za ndovu za watu, utachoka upesi."

"Usiwe na wasiwasi. Wewe nitakupiga kwa kushoto, kwa heshima."

Tukacheka, maana la kufanya lilikuwa lipi? Mjomba peke yake hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Mpwa wangu, kama nilikosea?"

"Mjomba, tuliona sote."

"Sisi tuliona sote. Na wao wameona wote."

Nikachuchumaa kando yake. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka, na hapakuwa na ngoma inayolia. Mtu aliyefanya Kinole nzima ishuke na machungwa alikuwa amekaa juu ya jiwe, anautazama mkono wake kana kwamba ameuazima.

Mama mdogo akaja na ungo wake. Hakumpa pole mtu yeyote. Alimpa kashata askari kwanza, kipande kikubwa, na mtani wetu hakusema neno tena mpaka magharibi.

Jua lilipozama shuka likamwagiwa maji. Bwana Shauri akazunguka, akaja upande wetu, akatafuta pa kukaa, asipaone, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaza kwamba upande ule unahitaji kiti. Akaletewa kimoja kutoka boma, chenye mgongo, katika vile vya majumbe. Akaketi. Mjomba akachuchumaa karibu na mguu wa kiti, na askari akasimama nyuma yake na kiboko.

Mashine ikalia. Maandishi yakatokea. Bwana Shauri akasogeza kichwa mbele, akapinda shingo huku, akaipinda kule. Hakuweza kusoma. Nilitaka kumfariji kwamba hata shuleni kwetu hatujafika hapo, nikakumbuka mgongo wangu, nikanyamaza.

Jenerali akatokea juu ya farasi. Majeshi yakapita. Nilimsikia mjomba akisoma kitu kwa sauti ya chini, na haukuwa wimbo. Mkono wa jenerali ukaanza kupanda, taratibu.

Kushoto.

 Bwana Shauri akasimama, akazunguka kwenda mbele ya shuka. Tukakiona kivuli chake kirefu kimesimama katikati ya majeshi. Akarudi kwetu, akautazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto. Akaenda tena. Jenerali alikuwa keshafika kwenye glasi. Safari ya mwisho aliporudi alimtazama askari, akatikisa kichwa, na kiboko kikakunjwa.

Kisha akamgeukia mjomba.

"Wewe unatazama sana."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Jumbe wa kutazama sana, mimi hapana taka."

Akaondoka. Cheo cha jumbe akapewa hasimu wetu, ambaye hakuwahi kutazama kitu chochote zaidi ya siafu wake, na akaitumikia serikali vizuri sana.

Lakini kiti Bwana Shauri alikisahau. Kilibaki pale pale, kimeelekea shuka, na picha inaendelea. Mjomba akakitazama.

"Kaa," mama mdogo akamwambia.

"Si changu."

"Hata hao majumbe si chao. Kaa, kaka, magoti yako yanauaibisha ukoo."

Mjomba akakaa. Alianza na ncha ya kiti, kisha akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka mgongo wake ukaugusa mgongo wa kiti, akatoa pumzi ambayo naamini alikuwa ameishikilia tangu jandoni. Mama mdogo akampa kashata. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaila, akamtazama jenerali mpaka mwisho.

Asubuhi yake kiti kilitakiwa kirudi boma. Kutoka ghalani hadi boma ni hapo na hapo. Mjomba alipitia Bigwa. Alikibeba kichwani, na kila alipochoka alikitua katikati ya njia, akakikalia. Watu wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akawauliza habari za mashamba, akasikiliza kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, akaiamua, akainuka. Alichoka mara nyingi mno siku ile. Kiti kilifika boma jua likizama.