Nilivyowaingiza Wapagazi Uwanjani

Nilianza kucheza kirumbizi kabla sijaota ndevu. Wawili mnaingia katikati ya duara la watu, kila mmoja na fimbo yake, ngoma na zumari zinalia, nawe unatafuta kumgusa mwenzako kichwani huku ukikinga chako. Pale Bagamoyo niliuchezea mtaa wetu kila Idi, na kwa miaka mingi hakuna aliyenigusa. Wanawake walinipigia vigelegele. Vijana waliiga hata nilivyofunga kilemba. Nilikuwa hodari, na sioni haya kulisema.

Kisha mtu mmoja wa Zinga alipiga vibaya, fimbo ikanishukia mkononi, kifundo kikavunjika. Mganga alinifunga banzi, lakini mfupa uliunga upande. Vidole havikukunjika tena.

Jumbe wa mtaa wetu akaja kunijulia hali.

"Basi, mwanangu," akasema. "Sasa utakaa na watazamaji."

"Sikai. Nitafundisha."

"Utamfundisha nani? Vijana wetu wana mwalimu."

Mwalimu mwenyewe alikuwa mpwa wake, mtu ambaye nilimgusa kichwa mpaka nikachoka.

Nikaondoka nikaenda kambini kwa wapagazi, waliokuwa wakingoja msafara wa kwenda bara. Nilimkuta Mnyamwezi mmoja mrefu akichezesha fimbo kwa kujifurahisha. Mwendo wa mkono wake ulinifanya nisimame. Nikamwita, akaja, na jirani yake Mkwere, aliyeacha shamba Fukayosi ili abebe mizigo, akaja naye. Sikuweza kuwaonyesha kwa mkono, kwa hiyo niliwafundisha miguu. Nilipaka ncha za fimbo masizi, ili kila aliyeguswa asiweze kubisha. Mwanzoni walirudi kwa wenzao nyuso nyeusi kama masufuria. Walinitukana kwa lugha zao, na kesho yake wakaja tena.

Idi ilipofika nikaingia nao uwanjani. Jumbe akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Hapa wanacheza waungwana. Hawa washenzi umewaokota wapi?"

"Kambini. Wewe uliponitupa, wao walinipokea."

"Ngoma hazitapigwa."

"Basi tutacheza bila ngoma."

Watu wakatazamana. Sikurudi nyuma. Ndipo dada yangu, aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake, akaanza kupiga makofi. Mmoja akamfuata, wakafuata wengine, mpaka uwanja mzima ukawa na mdundo ambao jumbe hakuwa na mkono wa kuuzima.

Mkwere aliingia kwanza na kijana mmoja wa mtaa, akaguswa mapema, akatoka amekunja uso. Mnyamwezi akaingia kupambana na yule mpwa. Walizungukana mpaka kanzu ya mpwa ikalowa jasho. Mara kofia yake ikaruka, ikaanguka mchangani.

"Hiyo haihesabiwi!" jumbe akapaza sauti. "Ameteleza!"

"Avae kofia, waanze upya," nikajibu.

Akavaa. Haukupita muda kofia ikaanguka tena. Safari hii walicheka hata wapiga ngoma, na jumbe akajifunga joho lake akaenda zake.

Baada ya sikukuu aliniita barazani kwake. Kahawa ilikuwa tayari.

"Wafundishe vijana wetu. Mpwa wangu atakupisha. Ila wale wa kambini uwaache."

"Nitawafundisha wote pamoja, ama simfundishi hata mmoja."

"Una kiburi."

"Ninacho, bwana."

Nikainuka, kikombe changu sikukigusa. Tangu siku hiyo sikualikwa tena katika karamu za mtaa, na kaka zangu walilaumiwa kwa ajili yangu. Mnyamwezi aliondoka na msafara wake. Sikumwona tena, na nilimkumbuka kuliko nilivyotazamia. Lakini wapagazi wengine walikuja, na baadaye vijana wawili wa mtaa wetu wakaanza kuja kambini mchana kweupe, baba zao wakiwaona. Kwa Idi iliyofuata tulikata ngozi, tukawamba ngoma yetu wenyewe, tukapita nayo mbele ya baraza ya jumbe tukiipiga.