Nilivyochora harufu ya mkonge, na swali la "kwenu ni wapi" likapata jibu

Wakuu, heshima zenu wote.

Nimetoka kwenye maonyesho ya sanaa hapa Voi na furaha bado haijanishuka, kwa hivyo mnisamehe nikirukaruka. Chumvi sitaongeza. Maji tunayokunywa hapa yana chumvi ya kutosha.

Kazi yangu ni design kwenye cyber moja mjini. Banner za harusi, programu za mazishi, poster za krusedi. Ukizikwa pande hizi, kuna uwezekano mkubwa mimi ndiye nitakutoa madoa usoni kwenye picha.

Nikipata nafasi huwa nachora kwenye tablet, kwa raha yangu tu.

Sasa, jina langu ni Wafula, la watu wa Western Kenya. Mkishalisikia mnajua swali linalofuata. "Kwenu ni wapi?" Nikisema Voi, mtu anatabasamu kidogo na kuuliza tena, "Hapana, kwenu kabisa?"

Baba alitoka Western akiwa kijana, akaja kukata mkonge. Mimi nikazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi iliyoitwa Kambi ya Chini, huko huko shambani, upande wa barabara ya Mwatate. Western nimeenda mara chache, na karibu zote ni matanga.

Basi yakatangazwa maonyesho ya wasanii wa kaunti yetu ya Taita Taveta. Mada: "Kwetu".

Mwandalizi alikuwa Mwalimu Mkawasi, mama kutoka Mghange, huko milimani, aliyestaafu ualimu, mtu mzuri tu. Nilipoenda kujiandikisha, akasoma jina langu na kuniambia kwa upole, "Wafula, wewe utuchoree kwenu Western. Nitakuweka kona ya wageni, watu watafurahi."

Wageni.

Iliniuma, wakuu. Mtu anakuwaje mgeni mahali kitovu chake kilipozikwa? Lakini sikubishana, nikaenda kujaribu.

Nikachora boma, migomba, ng'ombe, mvua inakuja. Ikatoka safi kama kalenda ya duka la dawa za mifugo. Nikaiangalia nikaona ni uongo. Sikujua hata pale mlangoni pananukia nini.

Hapo ndipo nilishtuka. Kambi yetu mimi naijua kwa pua.

Kwa ambaye hajakaa karibu na mkonge: majani yakishapita kwenye mashine, nyuzi zinaanikwa, na makapi mabichi yanarundikwa nje. Jua likiyapiga yanachacha. Yananuka kama uji uliosahauliwa kwenye sufuria, halafu mtu akatia nyasi ndani. Jioni upepo ukigeuka, harufu inaingia kila nyumba bila kupiga hodi.

Nikasema, naichora hiyo.

Nikamweleza Baba. Akaweka kikombe chini. "Wenzako wanachora ndovu, wewe unachora uvundo? Unataka watu wajue tuliishi hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, nataka wajue. Akasema kwetu ni Western, na kwenye maonyesho yangu hatakuja. Ikaishia hapo.

Sasa utachoraje harufu? Kwanza nilipiga picha makapi, nikachukua rangi yake. Ikawa kijani tu, hainuki chochote. Nikaongeza vimistari vya kupindapinda, kama vile vibonzo vya soksi chafu. Aibu tupu, nikafuta.

Kilichonifungua ni kumbukumbu ya marehemu mama. Alikuwa akianua nguo, anazinusa moja moja. Akikuta harufu imeingia, hiyo inarudi kwenye beseni.

Nikajiambia, kumbe harufu haina rangi, lakini ina mahali inapokaa.

Nikafuta makapi yote. Nikachora kambi jioni: milango imepangana, ugali unatoa mvuke, pazia mlangoni, mama ananusa shati jeupe. Nyeupe ya Voi lakini, ile yenye wekundu wa vumbi kwa mbali. Nyeupe nyingine huku hatuna.

Halafu nikatandaza juu ya vyote layer moja nyembamba, kijani inayoelekea manjano. Nikaififisha mpaka karibu ipotee, ila nikaiacha pale inapokaa: kwenye ukosi wa shati, kwenye mvuke wa ugali, kwenye pindo la pazia.

Wakuu, niliruka kutoka kwenye kiti. Iliniingia puani kabisa. Mteja aliyekuwa akisubiri photocopy aliniuliza kama nimeshinda mkeka wa kubeti.

Nikaiprint kwenye turubai ile ile ya banner za matanga, nikaipeleka imekunjwa. Wakaitundika kona ya wageni, karibu na meza ya chai. Chini yake karatasi: "Wafula. Kwao: Western."

Mwalimu Mkawasi akapita akiongoza watu. Akasimama. Nikaona mkono wake unainua pindo la leso aliyojitanda mpaka puani, na nina hakika hakujua anafanya hivyo.



"Hii naijua," akasema. "Tukishuka kutoka Mghange kuja Voi, gari likikaribia mkonge kila mtu anafunga dirisha. Kumbe kuna watu walikuwa ndani?"

"Tulikuwa tunakula ndani yake, Mwalimu."

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akabandua ile karatasi, akatoa kalamu. "Hapa nilikosea, mwanangu. Niandike kwenu ni wapi?"

Swali nimeulizwa maisha yangu yote, na siku ya kulijibu nikawahiwa.

"Andika Kambi ya Chini."

Si mimi niliyesema. Nikageuka, Baba huyo hapo nyuma yangu, amevaa koti lake la kanisa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

Akasogea mpaka kwenye picha, akaweka kidole kwenye mlango mmoja. "Tulikaa hapa," akamwambia Mwalimu. "Huyu alizaliwa hapa. Lakini pazia letu lilikuwa la buluu, amekosea."

Nilifurahi mpaka nikaenda kujimiminia chai nisiyoitaka.

Nilichojifunza, kwa wale mnaochora, mnaopiga picha au mnaoandika: kwenu msikutafute kwenye kalenda. Fuateni pua, hata kama inawapeleka kwenye makapi.

Sasa semeni, ukifumba macho, kwenu kunanukia nini? Jibuni kwa ukweli, msione haya. Baba ameketi hapa kando yangu na anataka nimsomee kila comment, nikishamaliza kubadilisha rangi ya hilo pazia kwenye picha.