Mtaalamu wa Historia ya Mikindani

Mwaka 2001 Erasto Mkumbo, mzaliwa wa Singida, alikuwa Afisa Utamaduni Mtwara kwa mwaka wa nne. Utamaduni aliufahamu vizuri sana: ulikuwa kwenye kabati la pili, faili la kijani. Mji wa kale wa Mikindani aliufahamu pia, maana aliupita kila alipokwenda Lindi kwa gari.

Ijumaa moja bosi wake alimwita. "Jumatatu wanakuja wageni watano kutoka Dar. Uwatembeze Mikindani kwa miguu, uwaeleze historia."

"Hakuna shida, mzee," alijibu Erasto. Shida ingetoka wapi? Wageni nao walikuwa hawajui kitu.

Jumatatu akawaongoza vichochoroni, tai shingoni, jasho likimtiririka. Kila ukuta wa mawe uliobomoka ukawa ngome; kila mlango wa nakshi ukawa wa sultani. Sultani yupi, hakusema. Wageni waliandika yote. Mbele ya nyumba moja isiyo na paa akanyoosha mkono.

"Hapa ndipo sultani alipowaweka wake zake arobaini."

Barazani aliketi mwanamke wa rika lake, Mwajuma Kassimu, akimenya mihogo. Kisu kikasimama.

"Arobaini? Kaka yangu, vyumba viwili hivi? Nyumba hii kaijenga babu yangu. Alikuwa akiuza chumvi, na mke alikuwa mmoja, tena hawapatani."

Wageni wakaangua kicheko. Mwajuma akanawa mikono, akajifunga kanga, akawatembeza yeye mpaka adhuhuri: nyumba ipi ya nani, nani aligombea kisima na nani, ukuta upi uliangushwa na mvua gani. Mtaalamu alifuata nyuma akiwabebea chupa za maji.

Baada ya wiki mbili barua ya pongezi ikafika ofisini. Ilimshukuru bosi, dereva, na "mtaalamu wetu Erasto". Mwajuma hakutajwa; pengine karatasi iliisha.

Jumamosi Erasto akaipeleka Mikindani, akamsomea.

"Hongera," alisema Mwajuma. "Maji uliyabeba vizuri kweli."

"Dada, nifundishe."

Alimfundisha kila Jumamosi kwa miaka mitano, mlango kwa mlango, mpaka Erasto akawa anaijua Mikindani kuliko kwao Singida. Ofisi ikaiona bidii hiyo, ikafurahi, ikampandisha cheo na kumhamishia wilaya mpya, ambako jengo la kale kuliko yote lilikuwa choo cha ofisi, kilichojengwa 1999.

Kabla ya kuondoka aliandika kuomba Mwajuma apewe kazi yake. Jibu lilikuja upesi, miezi minane tu: mwombaji hana cheti.