Mashine ya Shaba Siku ya Akika

Maji ya waridi yakitiwa zafarani, harufu yake hunirudisha kwenye mashine ya kunyolea ya babu. Ilikuwa ya shaba, nzito, mpini wake umechongwa mistari ili mkono usiteleze, na wembe hukazwa kati ya vibati viwili.

Babu alikuwa ameshafariki. Siku ya akika ya ndugu yangu mchanga, anyolewe nywele za kuzaliwa nazo, ami alikuja na muuza vitu vya kale wa mtaa wa Ndia Kuu. Yule bwana akaifungua mashine, akasoma herufi zilizochongwa chini ya kibati, macho yakamng'aa, akamwambia bibi:

“Ya zamani hasa, Bi Mkubwa. Hii ni ya kukaa kwenye kabati la kioo.”

“Na kinyozi yuwaja, mama,” ami akaongeza. “Kumnyoa mtoto ni kazi ya wanaume.”

Bibi akampokonya yule bwana mashine, akatia wembe mpya, akaukaza. “Wewe ulipozaliwa, babako alikuwa safarini. Nani alikunyoa?”

Ami alijipapasa kichwa, bibi akaanza kumnyoa mtoto. Nywele laini zikaanguka kwenye kitambaa cheupe, mtoto amelala tu, kisha bibi akampaka zafarani utosini.

Leo mjukuu wangu ametimiza siku saba. Mwanangu amesimama mlangoni na kinyozi mwenye mashine ya umeme.

“Mama, hicho kikorokoro kitamkata mtoto!”

“Mpe kinyozi kahawa,” nimemwambia, nikikaza wembe kwenye mashine ya babu. “Mtoto nipe mimi. Hicho kichwa chako nilikinyoa kwa kikorokoro hiki hiki.”