Jina Kwenye Korasi

Albamu yangu ya kwanza ilikuwa gitaa na sauti tu. Walioipenda ni watu wa kusikiliza wamefumba macho, kisha wanakwambia una kipaji na hawaonekani tena kwenye shoo. Ya pili nilitaka watu wacheze. Nilikuwa nimechoka kusifiwa kwa huzuni.

Tuliirekodi Kitengela, chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tukiimba pale malori ya mawe yakishapita. Wimbo wa kwanza ulimhusu kaka yangu, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Namanga. Kwenye korasi nilikuwa nimeandika "ndugu yangu". Prodyuza, kijana kutoka Machakos asiyejua kubembeleza mtu, alisimamisha muziki.

"Hii korasi iko na usingizi," alisema. "Weka kitu mtoto wa nasari anaweza imba."

Ngoma zikaanza upya, nikafungua mdomo, likatoka jina lake. Jina lenyewe, tena na tena, kwa furaha. Prodyuza alipiga meza. Na mimi nilicheka, mjinga mimi, mpaka niliposikia nilichoimba.

Kwetu Wamaasai, aliyekufa hatajwi jina. Binamu yetu aliyekuwa na jina hilohilo alipewa jingine baada ya mazishi, na hilo ndilo analoitika leo. Mama yangu ni mtu wa kanisa, anaongoza maombi ya akina mama na mila nyingi ameziacha. Hii hakuiacha. Tangu tumzike mwanawe husema "yule", na sote tunaelewa.

Nilijaribu kulitoa. Kila neno nililoweka mahali pake liliufanya wimbo kuwa tangazo la sabuni. Wakati huo vijana wa duka la chini walikuwa wameshaukariri, wanapakia saruji huku wakimwimba kaka yangu. Akilini nilimwona mama sokoni Kajiado, ameshika nyanya, na spika ya duka fulani inamrushia lile jina mbele ya watu asiowajua. Ana presha. Angeanguka palepale, na aliyemwangusha ni mimi. Albamu ilikuwa itoke Ijumaa. Nikaamua nitamsikilizisha mwenyewe, na akikataa nitaufuta, hata kama ndio wimbo ulioibeba albamu nzima.

Nilimkuta nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kunisalimia. Chai aliyonipa niliiweka chini.

"Yeyo," nilimwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama, "kuna wimbo nimeimba. Nimemtaja."

Hakuuliza nimemtaja nani.

"Weka," alisema.

Nikaweka wimbo mwingine kwa makosa, nikauzima, nikatafuta tena. Mama aliikazia macho simu pale kwenye kigoda. Korasi ilipofika, alishika pindo la shuka lake akalikunja kwenye ngumi. Nilitaka kuinyakua ile simu niitupe. Nilihesabu pumzi zake kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Korasi ikarudi, ikarudi tena, yenye furaha isiyo na haya, na nikauchukia kila mdundo niliojivunia.

Wimbo ukaisha. Mama akaliachia pindo la shuka.

"Hivyo ndio mnamwita?"

"Nitatoa, yeyo. Leo hii nampigia prodyuza anatoa."

"Sijasema utoe." Akasimama, akajifunga shuka vizuri. "Lakini wewe unamwita kama makanga anaita watu wa kupanda gari. Mimi sikuwa namwita hivyo."

Akatoka. Nikamfuata mpaka langoni pa boma, nikiwa sijui kama nimshike mkono. Akaangalia upande wa malisho, huko kaka yangu alikokuwa akichelewa na mbuzi alipokuwa mdogo, akavuta pumzi, akamwita. Jina zima, kwa sauti ya zamani, mwisho wake ameuvuta sana. Mbwa aliyekuwa amelala akainua kichwa.

Mama hakugeuka. Alikuwa amenyoosha shingo, anasikiliza, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote hizo, kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri aitike.