Nilificha jina lake, kijiji kizima kikamtambua

Admin, nifiche jina, na ukiweza nifiche hata pale nilipozaliwa. Mtaelewa kwa nini. Na kisiwa nitakachokitaja humu sicho chenyewe, safari hii nimejifunza.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, naishi Kisumu, nimelelewa Kondele. Huu ni mwaka wangu wa tatu nasomea shahada ya uzamivu kwa ufadhili wa wageni wanaolipia utafiti kuhusu siasa za kuhifadhi misitu: nani anaruhusiwa kukata, nani anakamatwa, na nani anaamua. Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba nasomea udaktari, na bado anangoja nimtibu goti. Ufadhili huo ndio ulionitoa kwenye kufundisha kwa vibarua katika shule tatu, kwa hivyo niliushika kwa mikono miwili.

Utafiti wangu uko kwenye kilima kimoja chenye msitu, upande wa Usenge. Wanakijiji wana kikundi kinachosaidiana na serikali kuulinda. Kikundi hicho hugawa vipande vya kulima katikati ya miche: ukipewa chako unapanda mahindi huku ukiitunza hiyo miti. Anayegawa ni mwenyekiti, mzee mpole anayeongea polepole. Sijawahi kumwona akikasirika.

Nilipokelewa na mama mmoja mjane, miaka hamsini na kitu. Nililala kwake wiki nyingi, nikala omena wake, wale dagaa wa ziwani, akaniita nyathina, yaani mwanangu. Siku moja tukipalilia alinieleza kile ambacho wengine wote walikuwa wakinizungusha nacho. Kwamba mwanamke akibeba mzigo mmoja wa kuni bila risiti anakamatwa, ilhali miti mikubwa inatoka kwenda kwa mafundi wa mashua ufuoni na mwenyekiti anajua, maana yeye ndiye anayewaonyesha upi ukatwe. Alitia sahihi fomu yangu ya ridhaa, nami nikamwahidi hakuna atakayejua ni yeye aliyesema.

Wafadhili wangu wana sharti: matokeo yarudishwe kwa wenyeji. Nikaandika muhtasari wa kurasa tatu kwa Dholuo, nikampa kila mtu jina la bandia kama nilivyofundishwa. Huyu mama nikamwita Akinyi. Halafu, ili maneno yake yawe na uzito, nikaongeza maelezo kidogo: mjane aliyeolewa hapa kutoka kisiwa cha Mfangano.

Wajaluo wanaosoma hapa wameshashika kichwa. Kwetu mwanamke akishaolewa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa jina la mahali alikotoka. Huyu mama tangu aolewe ni Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, na ni yeye peke yake kijijini aliyetoka huko. Watoto wa jirani hata jina lake la ubatizo hawalijui. Kwa hivyo jina nililolifuta halikuwa na anayelitumia, na nililoliacha ndilo analoitwa sokoni. Msimamizi wangu hakuliona hilo, kamati ya maadili ya chuo haikuliona, wao si watu wa huku. Mimi ni mtu wa huku. Nimekulia mjini ambako tunaitana kwa majina ya shule, lakini huo si udhuru.

Muhtasari niliusoma mwenyewe, kwa sauti, darasani katika shule ya msingi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nilipotamka Mfangano, vichwa viligeuka vyote upande mmoja. Hili sijamwambia mtu yeyote: niliviona. Nilijua palepale nimefanya nini. Na bado niliisoma sehemu yake yote mpaka mwisho, kwa sababu mwakilishi wa wafadhili alikuwa ameketi pale na kamera, na niliogopa kuonekana nimeyumba. Najichukia kwa hilo kuliko kwa kosa lenyewe. Mwenyekiti alinishukuru, akaniagizia soda.

Wiki mbili baadaye kipande cha mama alipewa mtu mwingine, mahindi yakiwa yamefika magotini. Kuni haruhusiwi tena. Shemeji yake amemwambia aombe msamaha au arudi kwao, na kwao hana mtu. Nilimpigia mwenyekiti simu. Hakupandisha sauti.

"Daktari, sisi hatuna vita na wewe," aliniambia. "Wewe kuja tu Jumamosi, simama mbele ya watu, sema hiyo maneno hakuna mtu alikuambia, ni wewe ulitunga. Basi. Mama atarudishiwa shamba yake siku hiyo hiyo."

Nilimweleza msimamizi wangu. Akasema mtafiti akikiri hadharani kwamba ametunga, masomo yameishia hapo na ufadhili unakatizwa. Alinishauri niripoti kwa kamati ichunguze. Kamati ikimaliza kuchunguza, mwenye kipande kipya atakuwa ameshavuna. Na nikisema nilitunga, miti itaendelea kutoka, na siku mwingine akisema, nani atamwamini?

Jana nilikwenda kwa mama. Nilitamani anitukane. Alinipikia, akangoja nile. Nikamwambia niko tayari kusema nilitunga, arudishiwe kipande chake, masomo yaende.

"Nyathina, shamba nataka," alisema. "Lakini mimi nilikuambia ukweli. Kama utasimama useme hakuna mtu alikuambia, ujue nimekaa hapo mbele nakuangalia."

Nikamuuliza, basi niseme nini?

"Hiyo sijui," alisema. "Wewe ndiyo umesoma."

Leo ni Alhamisi. Sijala tangu nitoke kwake. Ndugu zangu, ambaye angekuwa mahali pangu, au mahali pa huyo mama, aniambie: Jumamosi nikisimama mbele ya wale watu, niseme nini?